Kuomba kuahirishiwa mtihani wa chuo Lubumbashi: toka barua mpaka pointi kufika kwa juri

Ratiba ya sesio (kipindi cha mitihani) ikishabandikwa kwenye valve (ubao wa matangazo), kila promosio (darasa la mwaka mmoja) huwa na wawili watatu ambao tarehe moja inawakataa. Mmoja amelazwa na malaria. Mwingine kafiwa Likasi. Dada mmoja yuko mwezi wa tisa wa mimba. Mwingine ana mitihani miwili saa ileile, wa mwaka huu na ule wa mwaka jana aliobaki nao deni. Wote hao wana haki ya kuomba waahirishiwe, na wengi wao husikilizwa. Wanaoanguka, mara nyingi kisa chao kilikuwa kizuri tu. Waliongea badala ya kuandika. Au waliandika, wakakubaliwa, wakafanya mtihani wao peke yao, halafu hakuna aliyezifuata pointi mpaka mezani kwa juri, yaani walimu wanaokaa kuamua matokeo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kuangalia vyuo vya Lubumbashi, cha serikali na vya watu binafsi. Mwenye kusoma Goma au Bukavu atazikuta ofisi zilezile, maana vyuo vya Kongo vimejengwa kwa ngazi zinazofanana. Chuo kikuu kina fakalte (kitivo) na doyeni wake (mkuu wa kitivo). Kwenye taasisi za juu kama za ualimu, biashara au ufundi wa tiba, badala ya fakalte kuna seksio na mkuu wa seksio. Kila ninaposema doyeni, wewe wa taasisi soma mkuu wa seksio.

1. Jua unaomba kitu gani

Watu husema tu "nataka wanisogezee mtihani", kumbe kuna maombi manne tofauti ndani ya maneno hayo.

La kwanza ni la promosio nzima: mitihani miwili mizito imewekwa siku mbili mfululizo, au profesa hajamaliza kozi. Hilo si lako. Ni la CP (kiongozi wa promosio), ambaye anakwenda na barua ya wote kwa makamu wa doyeni anayeshughulikia mafundisho. Mimi binafsi siyapendi sana maombi haya. Mtihani unaosogezwa leo haupotei, unakwenda kurundikana na mingine mwisho wa sesio, na wale waliopiga kelele zaidi usogezwe ndio utawasikia wanalia siku hiyo.

La pili ni lako peke yako: ufanye mtihani tarehe nyingine ndani ya sesio ileile, kabla juri haijaketi. Hilo ndilo la kupigania, na ndilo mwongozo huu unalolishughulikia zaidi.

La tatu ni kukubali kwamba sesio ya kwanza imekwisha kwako kwa kozi hiyo, na kuomba kutokuwepo kwako kuandikwe kuwa na sababu, ili uende sesio ya pili, ile ya marudio, ukiwa na karatasi mkononi. Wengi hudharau hatua hii wakidhani sesio ya pili inakuja yenyewe. Lakini juri ikikuta hakuna pointi na hakuna karatasi, inakuchukulia kama mtu ambaye hakuja. Sifuri au nafasi tupu, vyote viwili vinakuharibia deliberasio (kikao cha juri cha kuamua matokeo).

La nne ni kusimamisha mwaka mzima, kwa ugonjwa mrefu kwa mfano. Hilo linapita juu zaidi, mpaka kwa sekretari mkuu wa masomo, yule tunayemwita SGAC, na lina barua yake ya kurudishwa mwaka unaofuata. Usiliombe kwa haraka kwa sababu ya mitihani miwili.

Kwa nini kuchagua ni muhimu? Kwa sababu ya hesabu. Tangu mfumo wa LMD (lisansi, masta, dokta) uingie vyuoni kwetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, semesta moja ina kredi (kipimo cha uzito wa kozi) 30 na mwaka una 60, na kozi iliyopita inabaki yako. Mtihani mmoja wa kozi ya kredi 2 na mmoja wa kredi 6 haviumi sawa. Ukiwa mgonjwa na una nguvu ya kufanya mtihani mmoja tu kati ya mitatu ya wiki hiyo, fanya ule wenye kredi nyingi, omba kuahirishiwa mingine.

2. Pima sababu yako kabla ofisi haijaipima

Kulazwa hospitali, kujifungua, kufiwa na mtu wa karibu, kuitwa mahakamani, kutumwa na chuo chenyewe (michezo, mashindano, mafunzo ya nje ya mji), mitihani miwili kugongana saa ileile: hizi zinapita, mradi kuna karatasi.

Kufiwa kuna shida yake ndogo. Kwetu baba mdogo ni baba na mama mkubwa ni mama, lakini aliye ofisini akisoma "oncle" (mjomba au baba mdogo kwa Kifaransa) anaona mtu wa mbali. Kama huyo ndiye aliyekulea au ndiye anayekulipia minervali (ada ya chuo), liandike hilo kwa sentensi moja. Weka kopi ya kibali cha kuzika kutoka komini (manispaa) au karatasi ya hospitali. Picha za kilio kwenye simu hazisaidii, na kusema ukweli zinakera.

Kugongana kwa mitihani ndiyo sababu iliyo rahisi kuliko zote, lakini ni ya kuleta mapema: ratiba ikitoka tu, unaonyesha karatasi mbili, hii ya promosio yako na ile ya promosio ya chini ambako bado una deni. Ukisubiri mpaka usiku wa kuamkia mtihani, watakuuliza ulikuwa wapi wiki mbili zote.

Kazi ni sababu dhaifu. Vijana wengi wa hapa wanasoma huku wanafanya zamu migodini upande wa Likasi au Kolwezi, na Kolwezi ni kilomita kama 300, huwezi kutoka zamu ya usiku ukafika mtihani wa saa mbili asubuhi. Barua ya mwajiri inasaidia kidogo ikisema tarehe na zamu. Lakini ni bora kuongea na mkubwa wako wa kazi abadilishe zamu kuliko kuongea na doyeni abadilishe mtihani. Gari kuharibika njiani, umeme kukatika usiku kucha, nyumba kuingia maji ya mvua mwezi wa pili: tunaishi hivyo wote, na ndiyo maana hazimshtui mtu ofisini.

Kukosa pesa hakumo kabisa kwenye orodha hii. Kama tatizo ni minervali haijakamilika na jina lako halitaitwa mlangoni, unachohitaji ni moratwari, yaani ruhusa ya kulipa baadaye, na inaombwa kwa wenye pesa za chuo. Watu wanaochanganya haya mawili hupoteza siku tatu kwenye mlango usio wao.

3. Cheti cha daktari, na mahali kinapoangukia

Asilimia kubwa ya maombi ni ya ugonjwa, kwa hiyo ofisi imeshaona vyeti vya kila aina. Cheti kinachosimama kina vitu hivi: jina lako kamili kama lilivyo kwenye kadi ya mwanafunzi (jina, jina la pili, jina la ubatizo, kwa mpangilio uleule), tarehe uliyoonwa, idadi ya siku za mapumziko na tarehe ya kuanza na kuisha, jina la daktari, sahihi yake, namba yake ya Ordre (chama rasmi) ya waganga, na muhuri wa hospitali unaosomeka. Jina la ugonjwa si lazima. Daktari anaweza kuandika tu kwamba huna uwezo wa kufanya mtihani kwa siku kadhaa, na siri ya mwili wako ikabaki yako.

Hesabu siku. Cheti cha siku tatu kuanzia Jumatatu hakifuniki mtihani wa Alhamisi. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, na cheti kilikuwa cha kweli kabisa. Kama homa bado inakushika, rudi kwa daktari aongeze siku kwa karatasi mpya. Usiguse ile ya kwanza kwa kalamu yako.

Karatasi ya nesi wa kituo cha afya cha mtaani, Katuba au Kenya (komini za Lubumbashi), inaweza kukubaliwa kama ushahidi wa kwanza, lakini wengine wataikataa. Ukipata nguvu kidogo, pita na kitabu chako cha matibabu kwa daktari wa hospitali kubwa au wa zahanati ya chuo akuandikie cheti chenye nguvu. Na cheti cha kununua, achana nacho. Si suala la dhambi tu. Ofisi inaweza kupiga simu hospitali, na ikigundua, hutahojiwa tena kuhusu mtihani. Utahojiwa kuhusu karatasi ya uongo, na adhabu yake inaweza kufika kufukuzwa.

4. Mambo mawili ya kuhakikisha kabla ya kuandika

Angalia kama umeandikishwa kwa sesio hiyo. Asiyekuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mitihani hana mtihani wa kuahirisha, na barua yake itarudi kwa sababu hiyo moja.

Angalia pia moyenne yako ya kozi, yaani pointi za interro (majaribio ya darasani) na kazi za vitendo. Je, zimeshatolewa? Jina lako limo? Kama zimo, piga picha karatasi ile ya valve. Unachoomba kuahirishiwa ni mtihani tu. Hutaki baadaye uanze kutafuta pointi za interro ya miezi minne iliyopita kwa asistenti (msaidizi wa profesa) ambaye amekwisha badilishiwa kozi.

5. Profesa aambiwe, lakini neno lake si ruhusa

Heshima inataka mwenye kozi asikie kwako kabla ya kusikia kwa doyeni. Mwandikie ujumbe mfupi, au mtume CP. "Jambo prof. Mimi ni fulani, wa L2 Sheria. Nimelazwa toka jana, sitaweza kufika mtihani wa Jumatano. Nakwenda kuweka barua kwa doyeni, na kopi yako nitaiacha apariteri." Inatosha. (L2 ni mwaka wa pili wa lisansi; apariteri ni mhudumu wa ofisi anayepokea barua.) Usimpigie saa nne za usiku, na usitume cheti kwenye kundi la WhatsApp la promosio ili watu wote wakisome.

Profesa akijibu "sawa, utakuja nikupatie mtihani", shukuru, halafu uendelee na barua kama vile hakujibu kitu. Hana ubaya. Ila wengi wao wanazunguka: leo wako Kasapa (kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi), wiki ijayo wanafundisha Kalemie au Kolwezi, kozi nzima kwa siku kumi, kisha wanahama. Ahadi ya simu inaondoka naye. Zaidi ya hapo, siku ya deliberasio profesa ni mmoja kati ya wengi mezani, na anaweza kuulizwa: huyu alifanya mtihani siku gani, kwa ruhusa ya nani? Asipokuwa na karatasi, ataona aibu, na wewe utabaki nje.

Muulize mambo mawili tu: nani atakayekuwekea maswali kama yeye hayupo, na nani atakayesahihisha. Mara nyingi jibu ni asistenti. Basi jina la huyo asistenti liweke kichwani, ndiye utakayemhitaji.

6. Barua yenyewe

Inaandikwa kwa Kifaransa, ukurasa mmoja. Vibanda vya kuchapa barua vilivyo karibu na chuo vina mfano tayari kwenye mashine, na watakuuliza tu jina na kozi. Tumia mashine yao, si mfano wao: doyeni ameshausoma mara mia, wenye "kwa heshima na taadhima" mistari mitano kabla sababu haijaonekana.

Juu kushoto weka majina yako yote matatu, promosio, fakalte, namba ya matrikile (ya usajili) na simu. Juu kulia, Lubumbashi na tarehe. Chini ya tarehe, upande uleule, kunakuja orodha ya watakaopata kopi, inayoanza na "Transmis copie pour information à": mwenye kozi, na rais wa juri ya promosio yako. Huyo wa pili wengi humsahau, na ndiye mwenye faida kubwa kwako. Kisha anwani: kwa Bwana au Bibi Doyeni wa Fakalte. Kisha mstari wa "Concerne : demande de report d'examen" (yaani: ombi la kuahirishiwa mtihani), na palepale jina la kozi na tarehe iliyopangwa, ili mtu ajue habari bila kusoma zaidi.

Mwili wa barua una aya tatu fupi. Maana yake kwa Kiswahili ni hii:

*Mimi, fulani, mwanafunzi wa L2 Sheria, naomba kuahirishiwa mtihani wa kozi ya (jina kamili kama lilivyo kwenye ratiba), uliopangwa tarehe fulani saa fulani.*

*Nimelazwa hospitali fulani tangu tarehe fulani, na daktari amenipa siku tano za mapumziko, kama cheti nilichoambatanisha kinavyoonyesha.*

*Naweza kufanya mtihani kuanzia tarehe fulani, kabla ya mwisho wa sesio. Profesa amejulishwa. Nipo tayari kwa siku na saa mtakayoona inafaa.*

Aya ya tatu ndiyo inayokupa jibu. Ombi lisilotaja tarehe linamwachia doyeni kazi ya kufikiri, na karatasi inayomtaka mtu afikiri hubaki chini ya nyingine. Ukisema "kuanzia tarehe 14", anachobaki nacho ni kuandika neno moja pembeni.

Mitihani ikiwa miwili yenye maprofesa tofauti, fanya barua mbili. Kila karatasi itakwenda njia yake.

7. Siku ya kuiweka

Kabla ya mtihani, hata kama ni saa moja kabla. Ukiwa kitandani, tuma mdogo wako, mwenzako wa chumba cha nyumba za wanafunzi, au CP. Cheti kikichelewa, barua itangulie na iseme cheti kinafuata. Ukishindwa kabisa, basi siku ileile au kesho yake, na barua ieleze kwa nini imechelewa. Baada ya wiki unakuwa mtu anayetafuta kisingizio, hata kama ulikuwa na sindano mkononi.

Chapa nakala ya doyeni, kopi za watu ulioorodhesha, na moja ya kwako. Hiyo ya kwako ndiyo ya kulinda kuliko zote. Mlangoni kwa apariteri mambo huenda hivi:

— Jambo papa.

— Jambo. Ni barua ya nini hiyo?

— Ya kuomba kuahirishiwa mtihani, papa. Ni ya dada yangu, yuko hospitali.

— Weka hapo juu ya meza, nitaipeleka.

— Asante papa. Naomba tu unipigie muhuri kwenye kopi yangu.

Atakuangalia. Pengine atasema muhuri uko ndani, au aliye na funguo ametoka. Subiri. Vuta ubao, ukae. Heshima yote ibaki, lakini usiondoke na kopi tupu. Muhuri wa kupokelewa unakuwa na tarehe. Omba na yeye atie sahihi na jina, na aingize barua kwenye daftari la barua zinazoingia. Ile namba ya daftari iandike nyuma ya kopi yako. Siku nne baadaye ukiulizia "ile barua ya mtihani", utatafutiwa kwenye rundo. Ukiulizia namba, daftari linafunguliwa kwenye mstari wako.

Hakuna malipo ya kuweka barua. Pesa halali za chuo hupita benki au kaisa (dirisha la malipo) na zinatoa karatasi ya malipo. Bahasha kwa profesa ili "akufikirie" ni shimo ambalo utalichimba mwenyewe: kisa chako cha haki kinageuka kuwa biashara, na siku mkikosana hutakuwa na la kusema.

8. Kusubiri jibu

Barua ikifika kwa doyeni, hutaandikiwa barua nyingine ya kukujibu, mara nyingi. Ataandika pembeni kwa mkono: kwamba anakubali, au iende kwa makamu wa mafundisho, au umwone mwenye kozi. Maandishi hayo ya pembeni ndiyo ruhusa yako. Nenda siku ya pili au ya tatu, omba kuona, omba kopi. Wakikukatalia kopi, omba angalau kupiga picha.

Ikiwa imeandikwa tu "amwone mwenye kozi", wengine hukata tamaa. Hapana. Hiyo maana yake doyeni hana pingamizi, anasubiri profesa apange siku. Chukua karatasi hiyo umpelekee, na ukipata tarehe, mwombe aiandike palepale chini na kuitia sahihi.

Kama siku mbili kabla ya tarehe uliyopendekeza hakuna kitu, mwone sekretari wa masomo wa fakalte. Yeye ndiye anayejua juri itaketi lini, na ana sababu zake za kutaka orodha ya pointi ifungwe bila mashimo.

9. Siku ya mtihani wako

Utakuwa peke yako, au nyinyi watatu, kwenye ofisi ya asistenti au kona ya auditorio (ukumbi wa mihadhara). Beba kadi ya mwanafunzi, ile kopi yenye muhuri, na kopi ya ruhusa. Maswali yatakuwa mengine. Wakati mwingine ni ya mdomo badala ya kuandika. Usitegemee yale ambayo wenzako walikutumia.

Kwenye mtihani wa wote kuna orodha ya waliohudhuria na kila mtu anatia sahihi. Kwenye mtihani wa mmoja mara nyingi hakuna orodha, na watu hutoka na furaha zao wakaenda nyumbani. Uulize. "Asistenti, naomba nitie sahihi mahali." Karatasi moja tupu inatosha: jina lako, matrikile, kozi, tarehe, saa uliyoanza na kumaliza, idadi ya karatasi ulizorudisha, sahihi yako na yake. Ipige picha. Dakika mbili hizo zitakuwa ushahidi wako pekee kama kijitabu chako kitapotea kwenye begi la mtu anayesafiri kesho.

10. Zifuate pointi

Pointi za promosio zimekwenda kwa pamoja kwenye karatasi moja. Zako zinakwenda peke yake, baadaye, na hakuna anayezikumbuka isipokuwa wewe. Siku kadhaa baada ya mtihani muulize asistenti kama amesahihisha. Kisha muulize mwenye kozi kama amezipeleka kwa sekretari wa juri, na kama amezipeleka kwa maandishi. Kisha mwulize sekretari wa juri kama zimeingia. Ni watu watatu, na kati ya wa kwanza na wa tatu pointi zinaweza kulala wiki nzima.

Kabla ya deliberasio mpatie sekretari wa juri kopi ya ruhusa yako. Usiingie kumshawishi, huyo ni mtu mwenye mzigo mzito siku hizo. Mkabidhi karatasi, mwambie jina na kozi, ondoka.

11. Wakikataa, au matokeo yakitoka na shimo

Ukikataliwa na doyeni, uliza sababu kwa upole. Kama ni karatasi iliyokosekana, ilete. Kama ni uamuzi tu, unaweza kumwandikia SGAC, lakini barua ipite kwa doyeni mwenyewe. Juu ya anwani unaandika "s/c de Monsieur le Doyen". Ukimruka, barua itateremshwa kwake tena, na sasa itamkuta amekasirika. Ambatanisha ile ya kwanza yenye muhuri. Muda ukiwa umekwisha, geuza ombi: omba tu kutokuwepo kwako kutambuliwe kuwa na sababu, na jiandae kwa sesio ya pili.

Matokeo yakibandikwa na kozi ile haina pointi ilhali ulifanya mtihani, andika rufaa kwa rais wa juri siku hiyohiyo. Muda wa rufaa huandikwa kwenye tangazo la matokeo na ni mfupi sana, saa chache au siku chache, na wikendi haikusubiri. Weka kopi ya barua yenye muhuri, ruhusa, na ile picha ya karatasi mliyotia sahihi na asistenti. Rufaa ya namna hii haimwombi mtu huruma, inaonyesha pointi ziliishia wapi, na ndiyo aina inayorekebishwa haraka.

Visa vitatu vinavyohitaji njia yao

Wanaoshika Jumamosi. Kwa Waadventista mtihani wa Jumamosi unarudi kila sesio, kwa hiyo usiutendee kama ajali. Barua iandikwe mwanzoni mwa semesta, ya pamoja kama mko wengi kwenye fakalte, pamoja na karatasi ya mchungaji. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, kifungu cha 22, inalinda uhuru wa dini. Kitaje mara moja bila kutishia. Na pendekezeni siku: Jumapili asubuhi, au Ijumaa mapema. Anayekuja na suluhisho hupokelewa tofauti na anayekuja na malalamiko.

Wenye mimba. Mama mtarajiwa, usisubiri uchungu. Mwombe daktari au mkunga karatasi yenye tarehe inayokadiriwa, na uangalie kama haifai zaidi kuomba mtihani *mapema* kuliko baadaye. Baada ya kujifungua kuna mtoto, kuna wageni, kuna usiku usio na usingizi; wiki mbili kabla, bado unaweza kukaa na kitabu. Ukiomba baadaye, taja mitihani yote ya kipindi hicho kwa orodha moja iliyoambatanishwa, ijapokuwa barua ni za kozi mbalimbali, ili fakalte ione picha nzima.

Waliokatiwa njia na vita. Goma ilipoingiwa mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, wanafunzi walitawanyika, wengine wakafika mpaka huku kwetu. Chuo chote kinaposimama, kalenda hupangwa upya na wakuu wake, wala si kwa barua ya mtu mmoja. Lakini ikiwa chuo chako kimeanza tena mitihani na wewe uko mbali, andika kwa barua pepe kwa sekretari wa masomo na kwa mwenye kozi pamoja, ambatanisha karatasi yoyote inayoonyesha mahali ulipo (ya komini, ya mwenyeji, ya chuo kinachokupokea), omba wakujibu kwa maandishi kwamba wamepokea, na mpe CP wako nakala iliyochapwa aiweke apariteri kwa jina lako. Barua pepe peke yake isiyo na muhuri hupotea kirahisi kuliko karatasi.

Faili hilo lote, barua, cheti, ruhusa, picha ya sahihi, lifungie pamoja na usilitupe sesio ikiisha. Litunze mpaka uone pointi za kozi ile kwenye karatasi ya pointi ya mwaka, yenye sahihi na muhuri wa fakalte.